Akivuka Mto wa Pili

Ndugu waombolezaji, Padri wetu, wazee mliopanda mto kutoka Yanonge, majirani wa Kabondo, wenzake marehemu wa kazi ya kuchapa, na ninyi wengine ambao hamkumjua ila mmesikia harufu ya sufuria mkaingia, asanteni kwa kufika, leo Jumatano tarehe 15 Februari 1967. Historia ya marehemu Cyprien Lifenya inasomwa kwa niaba ya ukoo na mdogo wake wa tumbo moja, mwalimu Dominique, na ijulikane mapema kwamba mwalimu hakuiomba kazi hii, aliangushiwa kwa sababu wanaume wengine wa nyumba ile wamekwisha, na kwa sababu mjane, mama Émilie, alisema kwamba ikisomwa na mtu mwingine yeye ataondoka matangani.

Ijulikane pia kwamba kaburi halijachimbwa bado. Marehemu aliacha neno kwamba alazwe pembeni ya Alexis, mtoto wa kwanza wa Dominique, aliyezikwa hapa mjini tarehe 1 Desemba 1964 akiwa na miaka kumi na minane, na kwa desturi yetu baba wa aliyelala ndiye mwenye kusema ndiyo au hapana, na tangu juzi jioni baba huyo anasema hapana, na vijana wenye majembe wameketi makaburini wanangoja. Wazee walimwomba mwalimu asitaje jambo hili mbele ya watu, aseme mema tu kama inavyofaa kwa maiti, naye akawajibu kwamba maiti huyu aliishi kwa kuandika uongo, basi na apate ukweli siku moja. Kurasa mnazozisikia ziliandikwa jana, aliyeziandika alikuwa na hasira, na hakuna mstari uliopakwa mafuta.

Cyprien Lifenya alizaliwa tarehe 14 Aprili 1920 huko Yanonge, ukingoni mwa mto, akiwa mtoto wa pili wa mzee Bolamba, mvuvi na mchuuzi wa samaki wa moshi, wa kwanza akiwa amekufa kabla ya kupewa jina, na miaka mitano baadaye, tarehe 2 Machi 1925, akazaliwa Dominique, ambaye alimkuta kaka yake ameshazoea kusikilizwa.

Alisoma shule ya misheni ya Yanonge kuanzia Septemba 1928 hadi Julai 1934, akawa wa tatu kwa hesabu na wa kwanza kwa uongo. Aliwaambia wenzake kwamba chini ya gati la meli kuna kitu kinachoshika miguu, na hakuna aliyemwamini, kwa kuwa kila mtoto wa mto ana kitu chake chini ya maji, lakini kesho yake akaongeza kwamba kitu hicho hakishiki mtu siku ya Alhamisi, wala hakimshiki mwenye kidonda, na papo hapo shule nzima ikaamini, watoto wakaoga Alhamisi tu, wengine wakajikwaruza magoti makusudi, na Dominique, aliyekuwa na miaka saba, alinuka kutoka Ijumaa hadi Jumatano kwa muda wa mwaka mzima. Marehemu alipenda kuusimulia mkasa huo na kuuita somo lake la kwanza la kazi, kwamba watu hawaamini kitu kinachoweza yote, wanaamini kitu ambacho Alhamisi kinashindwa. Wasikilizaji walicheka kila mara, na aliyenuka alicheka pamoja nao.

Mwaka 1935 alipelekwa Stanleyville, mji ambao tangu mwaka jana tunauita Kisangani hata kwenye karatasi, akajifunza kupanga herufi katika karakana ya misheni, na tarehe 5 Septemba 1938 akaajiriwa na mzungu mmoja aliyeitwa Pierre, mwenye nyumba ndogo ya kuchapa katika komini, yaani wilaya ya mji, ya Kisangani, ambako alichapa fomu za pamba, kalenda na kadi za harusi kwa karibu miaka ishirini na miwili. Herufi zenyewe zilikuwa za madini ya risasi, zimeagizwa Ulaya kwa ajili ya Kifaransa, na zilikaa katika kasha lenye vyumba vingi, chumba cha e kikubwa, vyumba vya k na w vidogo kupita kiasi, na cha h kidogo vilevile, kwa kuwa Kifaransa hakina njaa ya h kama sisi wenye hapa, huyu, hawa na hatutaki. Mkumbuke kasha hilo, kwa sababu ndimo balaa ilimotoka.

Tarehe 10 Julai 1943 alifunga ndoa na Émilie, binti wa Isangi, ndoa iliyokuwa na utulivu, na hilo hakuna anayelipinga. Mungu hakuwapa mtoto. Alexis, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1946, alikuwa wa Dominique na mkewe Clémence, lakini marehemu alimwita mtoto wetu, akamfundisha kusoma kabla ya shule kwa kutumia herufi za risasi, ambazo hukaa zimegeuka ili zikichapwa zinyooke, hata mtoto akaingia darasa la kwanza akisoma kutoka upande wa mwisho wa mstari. Baba yake alilazimika kumfundisha upya, na wakati ule jambo hilo lilimfurahisha.

Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, Monsieur Pierre alifunga masanduku, mwezi wa Julai akaondoka, akamwachia marehemu ufunguo na mashine, na marehemu, ambaye maisha yake yote alikuwa amepanga maneno ya watu wengine, akasema sasa atapanga yake. Wenzake walikuwa wakigombea viti vya maofisini, yeye akajitwalia nchi nzima ambayo haipo, akaipa mito saba, mfalme mbaya, na shujaa aitwaye Botuli, mtu anayebeba chupa ya maji ambayo akijipaka hakuna silaha inayompata.

Jumapili baada ya misa watu walikusanyika katika lopango lake, uani kwake, kumsikiliza akiitengeneza dawa hiyo, makarani, walimu, wauguzi, na jirani yake Asumani, fundi cherehani, ambaye hakuja kwa ajili ya misa bali kwa ajili ya kubisha. Asumani ndiye aliyeuliza kwa nini Botuli, kama maji yake ni makali hivyo, asiwapake watu wote wa kijiji siku moja wakammaliza mfalme, hadithi ikaisha watu wakaenda kula, na marehemu, badala ya kukasirika, alifuta kurasa arobaini akaanza upya. Akasema Asumani amemwonyesha tundu, kwamba dawa isiyo na bei haina mwenyewe, na isiyo na mpaka haina hadithi, na isiyo na sababu ya mpaka wake ni maneno ya mlevi. Neno lake la siku ile wengi wenu mnalijua, kwa maana mlilirudia mitaani hadi likachosha: "Mutu haaminiake nguvu, anaaminiaka bei tu."

Basi akaweka bei. Kila mara maji yanapomwokoa Botuli, yanachukua jina la mtu mmoja anayempenda, linamtoka kichwani na halirudi, kwanza bibi yake, halafu rafiki, halafu mke, hata mwisho wa hadithi anarudi nyumbani na kumwita mama yake wewe. Kisha akaweka mpaka, na akautafutia sababu, kwamba maji ya mto mmoja yana wivu na maji ya mto mwingine, hayakai pamoja katika ngozi moja, kwa hiyo mwenye dawa anaishi salama upande wake tu, na akivuka mto wa pili hatapona. Miko ya namna hiyo wazee wetu walikuwa nayo kabla ya marehemu kuzaliwa, naye alijitetea kwa hilo hadi mwisho, akidai kwamba yeye hakuzua, alipanga tu. Ni kweli, mbao zilikuwa za watu wote, lakini nyumba aliijenga yeye, na watu waliingia kukaa.

Kitabu cha kwanza kilichapwa mwezi wa Novemba 1961, kurasa thelathini na mbili, nakala mia sita. Marehemu alikuwa akipanga ukurasa wa thelathini na moja, ule wenye sheria ya mto, h zikamwishia kasha likiwa kavu, akaacha nafasi ili aijaze kesho yake atakapofungua kurasa zilizotangulia na kurudisha herufi zake kashani, akaijaza mahali pote ila mahali pamoja, kwa maana neno lililobaki halikuonekana na pengo, lilikuwa neno zima lenye afya yake. Alitaka kusema, akivuka mto wa pili hatapona. Kitabu kikasema, akivuka mto wa pili atapona. Karatasi ya kusahihisha, ile wachapaji wanayoiita épreuve, ilisomwa kwa sauti kama ilivyo desturi, lakini sisi wa hapa ulimi wetu huimeza h tangu utotoni, hatapona na atapona kinywani mwetu vinatoka mlango mmoja, na kosa likapita masikioni mwa watu bila kubisha hodi.

Kosa lilijulikana Februari 1962, nakala mia nne zikiwa zimeshauzwa, na hapa ndipo ukoo huu unapomdai marehemu. Barua zilikuwa zimeanza kuingia kutoka Isangi, Banalia na Bengamisa, wasomaji wakiusifu mpaka huo kuliko yote, na wakijieleza wenyewe sababu yake, kwamba mto wa kwanza unafungua dawa na wa pili unaifunga isivuje. Mtu mwenye aibu angetangaza kosa. Marehemu hakutangaza, aliandika kitabu cha pili, Septemba 1962, na cha tatu, Juni 1963, vyote viwili vikiufuata ule uongo wa herufi iliyopotea, Botuli akivuka mto baada ya mto na risasi zikidondoka majini, na sheria ambayo haikuwa sheria ikapata ushahidi wa kurasa mia moja. Aliipinda nchi yake yote ili isipingane na pengo moja, na watu wakazidi kumwamini, kwa kuwa hakuna kinachoaminika kama uongo usiojipinga.

Waasi waliingia mjini tarehe 5 Agosti 1964. Dawa yao ilikuwa na wenyewe, ya zamani kuliko kitabu chochote, na historia hii haisemi kwamba marehemu ndiye aliyeileta, ila kikundi kimoja cha vijana wa njia ya Bengamisa kilikuwa na mganga aliyejua kusoma, na mganga huyo alikuwa na vitabu vyote vitatu vya Botuli ndani ya mfuko wake wa ngozi. Alexis, aliyekuwa ameacha masomo yake ya sekondari kwa sababu shule zilifungwa, aliingia katika kikundi hicho mwezi wa Septemba, na alipewa heshima kubwa kwa kuwa mwandishi alikuwa papa mukubwa wake. Kuanzia Oktoba akaacha kulitamka jina la mama yake. Clémence alimpikia pondu, majani ya muhogo anayoyapenda, akamwekea mezani, mtoto akala akainuka akasema asante bila jina, na mama akafikiri ni kiburi cha bunduki, hadi mdogo mmoja wa kikundi alipomweleza kwamba Alexis anajizoeza kulipa bei.

Tarehe 24 Novemba parachuti za askari wa kizungu waliokuja kuwatoa waasi zilishuka juu ya mji. Kesho yake asubuhi, Jumatano, Alexis alipita nyumbani kuchukua shati, wenzake wanne wakiwa wamesimama mlangoni, na baba yake akamshika mkono akamwomba abaki, akamwambia kwamba watamficha kwa ndugu wa mama yake hadi mambo yatulie. Mtoto hakuwa na hofu, na hilo ndilo baba yake analoliona mpaka leo, ule uso usio na hofu. Alisema: "Papa, usiogope. Tukisha vuka Lindi, masasi haitatuweza tena. Iko mu kitabu ya papa mukubwa."

Waliufikia mto Lindi, wa pili katika njia yao, Ijumaa tarehe 27. Walionusurika wanasema kwamba palikuwa na nafasi ya kujificha msituni upande wa huku, na wanne kati yao walitaka hivyo, lakini Alexis aliwaambia salama iko ng'ambo, akatangulia kuingia kwenye mtumbwi, akasimama wima, hakuinama hata kidogo, na walipofika katikati askari wenye bunduki wa ng'ambo wakafyatua. Wavuvi walimkuta mahali Lindi inapoingia katika mto mkubwa, Jumatatu tarehe 30, na mmoja wao, mtu wa Yanonge, akamtambua kwa pua ya ukoo. Alikuwa na matundu mawili kifuani.

Marehemu hakuruhusiwa kuingia matangani. Kuanzia Januari 1965 alionekana barabarani na kalamu na kichupa cha wino, akienda nyumba kwa nyumba, Kabondo, Tshopo, hadi Bengamisa kwa baiskeli, akiomba watu wamwonyeshe vitabu vyake ili aandike h moja kwenye ukurasa wa thelathini na moja, na watu wakamcheka, wengine wakasema kwamba serikali imemlipa aiharibu dawa, na huko Bengamisa vijana walimvunjia baiskeli na mbavu mbili. Alipata vitabu sitini na saba. Mara tatu alifika kwa Dominique kuomba kitabu cha Alexis, na mara tatu alifungiwa mlango, na Jumapili ya Pasaka ya mwaka huo, mbele ya watu wote wanaotoka misani, Dominique alimwita muuaji, akamwambia kwamba mkono uliopanga ukurasa ule ndio uliomsukuma mtoto ndani ya mtumbwi. Marehemu alisimama akasikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake, akaondoka na mkewe. Baadhi yenu mlikuwepo, na baadhi mlimtemea mate.

Ugonjwa ulianza Juni 1966, tumbo kumkata, uso kupauka, halafu viganja vikaanza kuning'inia bila nguvu, hata kijiko kikamshinda. Daktari aliyempokea tarehe 9 Januari mwaka huu alimwangalia fizi akaona mstari wa buluu, akasema ni risasi, ile ya herufi, imemwingia damuni kidogo kidogo kwa karibu miaka thelathini ya kuishika na kulamba vidole. Alifariki juzi, Jumatatu tarehe 13 Februari 1967, saa kumi alasiri, mkewe akiwa pembeni, mdogo wake akiwa hakwenda kumwona hata mara moja. Hapo ndipo kurasa za jana zilipoishia, na sentensi yake ya mwisho ilisema kwamba ukoo unamkatalia kaburi, mti alioukata kwa mkono wake na umwangukie mwenyewe.

Ukurasa huu unaofuata uliandikwa leo asubuhi.

Jana jioni mama Émilie aliingia kwa Dominique bila kubisha, akaweka mezani bahasha ya karatasi ngumu, akabaki amesimama ingawa alipewa kiti, akamwambia shemeji yake juu ya kaka yake: "Semeki, yaya yako alinikatazaka kukuonyesha hii wakati iko muzima. Sasa hayiko tena." Halafu akatoka. Mwalimu hakuhitaji kuifungua ili ajue kilichomo, alikuwa akiamini kwamba kilipotea Agosti 1964 nyumba ya kuchapa ilipoporwa, na aliishi kwa imani hiyo kwa miaka miwili na nusu, akala, akalala, akafundisha.

Ndani mlikuwa na épreuve ya ukurasa wa thelathini na moja. Kila karatasi ya namna hiyo, ndugu zangu, haichapwi mpaka msahihishaji aandike chini yake maneno ya Kifaransa, bon à tirer, yaani iko sawa, chapeni, na kwa kuwa neno hilo tirer ndilo pia la kufyatua bunduki, wachapaji hulifanyia mzaha. Marehemu hakujisahihisha mwenyewe, hakukiamini Kiswahili chake cha mtoni, alimpa mtu aliyesoma kumzidi, mwenye diploma, mwenye kalamu nyekundu. Chini ya ukurasa ule, chini ya neno atapona, kwa wino mwekundu, pameandikwa: bon à tirer, D.L., 9 Novemba 1961.

Aliyeisoma karatasi ile ndiye anayeisoma hii.

Aliisoma kwa sauti, akiwa na haraka, akasikia h ambayo macho yake hayakuiona. Na si hilo tu, mficha maradhi kifo humuumbua, basi yote na yatoke. Ndani ya bahasha mlikuwa pia na vipande vidogo vya karatasi vilivyofungwa kwa uzi, vimeshachapwa, ukurasa 31, soma: hatapona. Marehemu alivichapa usiku uleule alipogundua kosa, Februari 1962, na asubuhi akavileta kwa mdogo wake ili wavitie ndani ya vitabu vilivyobaki na kuvituma kwa wanunuzi. Mwezi ule Dominique alikuwa anatazamiwa kuwa mkuu wa shule, vitabu vya Botuli vilikuwa vikisomwa katika darasa lake kwa ruhusa aliyoiomba mwenyewe, na mwalimu asiyeona h ni kichekesho cha wakaguzi. Alimwambia kaka yake: "Yaya, acha vile. Ni conte tu, hadithi. Nani atakufa juu ya h?"

Marehemu aliacha. Kisha, ili mtu yeyote asije akauliza ni nani aliyesahihisha, alikaa akaipinda nchi yake yote, vitabu viwili vizima, mpaka kosa likawa sheria na jina la mdogo wake likawa salama, na mapema, Aprili 1962, Dominique akapewa shule. Katika kurasa za jana mmesikia jambo hilo likiitwa kukosa aibu. Aliyeliita hivyo alikuwa akijua.

Na asubuhi ile ya Novemba, mtoto aliposema kwamba wakivuka Lindi risasi hazitawaweza, kulikuwa na mtu mmoja chumbani aliyejua kwamba kitabu kinasema uongo. Angeweza kumwambia, Alexis, pale pana h iliyopotea. Hakusema. Aliwaogopa wale wanne wa mlangoni, aliiogopa bunduki yao, na aliogopa pia, Mungu anisamehe, kwamba mtoto atauliza umejuaje, papa. Aliuachia mkono wake.

Marehemu aliitwa muuaji siku ya Pasaka na aliyekuwa akimwita alikuwa na wino mwekundu kwenye vidole. Bahasha hii ilikuwa nyumbani kwake, ndani ya sanduku la nguo, angeweza kuileta kanisani Jumapili iliyofuata na mate yale yangebadili uso. Alikwenda Bengamisa na baiskeli. Jana Dominique alimwuliza mjane, akiwa amemfuata hadi lopangoni kwake, kwa nini kaka yake alinyamaza, naye akamjibu kwamba marehemu alisema Clémence ameshampoteza mtoto, asipewe sababu ya kumpoteza na mume. Clémence yuko hapa, amekaa na wanawake, anasikia haya kwa mara ya kwanza pamoja nanyi, na atakaloamua nyumbani ni haki yake.

Ukoo unamshukuru daktari aliyemtibu marehemu na kusema ukweli kuhusu fizi zake, wauguzi waliomlisha mikono yake iliposhindwa, majirani wa Kabondo walioleta kuni na maji, wenzake wa kazi ya kuchapa waliogharimia jeneza, wavuvi wa Yanonge, na fundi Asumani, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili ndiye peke yake katika mtaa huu aliyeendelea kuketi na marehemu kila Jumapili na kumbishia. Wale waliomtemea mate walifundishwa na mwalimu, deni hilo ni la mwalimu.

Vijana wenye majembe waambiwe wachimbe pembeni ya Alexis, upande wa kulia, na waache nafasi ya upande wa kushoto kama ilivyo, haijulikani kama atakayeiomba atapewa.

Yaya Cyprien, safari yako ya mto imekwisha, lala salama, pumzika kwa amani karibu na mtoto wetu, na akikuuliza, usimfiche tena, mwambie ni nani aliyesoma.